Umekopa simu, hujakopa mtandao?

Shangazi yangu anakaa bondeni, chini ya Newala mkoani Mtwara, upande unaoshuka kuelekea Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Ukisimama Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa mji, asubuhi, ukungu ukishaondoka, unayaona mabati ya vijiji yaking'aa kule chini, na ukigeuka nyuma unauona mnara wa simu mjini. Wewe uliye juu unaviona vyote viwili. Yeye aliye chini hauoni mnara, na simu yake haiupati, kwa sababu genge zima, yaani ukuta wa mlima, la uwanda wa juu wa Makonde limekaa katikati.

Mwaka jana, baada ya malipo ya korosho, alichukua simu ya mkopo. Masharti yake wengi tunayajua: unatoa kianzio, kisha rejesho la kila siku, kwake shilingi 1,500, kwa mwaka mzima. Usipolipa, simu inajifunga. Tena simu hiyo haikubali laini nyingine ila ya kampuni iliyoikopesha. Walimjaribia mtandao pale pale dukani, mjini juu, na mistari ikajaa yote.

Nyumbani kwake sebuleni hakuna mstari hata mmoja. Barazani amepigilia kikombe cha plastiki kwenye nguzo, futi sita kutoka chini, na simu inakaa humo kutwa. Ndani ya kikombe unapata mstari mmoja na herufi E, alama ya intaneti ya polepole. Ukiitoa kuipeleka sikioni, umekata simu. Kwa hiyo anaweka spika na kuongea akiwa amesimama, kichwa amekiinua, na majirani wote wanasikia habari za mgonjwa wake. Akitaka faragha anakwenda kwenye kichuguu nyuma ya mikorosho, dakika kumi kwa mguu. Kuna siku simu humwandikia jina la mtandao wa Msumbiji, naye hajatoka uani kwake.

Tulipokwenda kwa wakala kuuliza kama simu inaweza kufunguliwa ikubali laini nyingine, kijana wa watu alimjibu kwa adabu kabisa: "Mama, wewe umekopa simu, hujakopa mtandao."

Jibu hilo limenikaa kichwani, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mkopo wa simu ni mkopo wa kitu. Kitu umepewa, kinawaka, kinapiga picha, kina tochi na redio. Aliyekopesha hana hati ya kiwanja chako wala karatasi ya mshahara wako. Dhamana yake ni ule uwezo wa kuifunga simu kwa mbali. Bila hiyo, mama wa bondeni asingekopeshwa na mtu yeyote. Na kama kusema "kwangu hakuna mtandao" kungetosha kufuta deni, mwezi wa tatu nusu ya wakopaji wangesema hivyo, na mikopo hii ingekwisha.

Upande wa mtandao nao, kampuni hazina pa kujificha na fizikia. Mawimbi ya simu hupita karibu moja kwa moja, hayapindi vizuri kwenye genge la mamia ya mita. Bati ndilo baya zaidi: linarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Nyumba za makuti zilikuwa zinayapitisha. Watu wetu wakivuna vizuri wanaezeka bati, na siku hiyo hiyo mtandao wa ndani unapungua. Majani ya mkorosho yaliyolowa mvua nayo yanakula sehemu yake. Hakuna kampuni duniani inayoweza kuahidi kila chumba cha kila nyumba. Minara pia ina gharama: umeme, mafuta ya jenereta, barabara za masika. Ndiyo maana serikali ikaanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006, na Mei 2023 ikatiwa saini mikataba ya minara 758 ya vijijini, kwa sababu biashara peke yake isingefika huko.

Yote hayo nayakubali. Lakini tazama hiyo simu inavyotumika, saa kwa saa.

Mkulima au mama wa nyumbani yuko kwake kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa 12, nusu ya siku. Akinunua bando la siku 30 na nyumbani hakuna mtandao, amenunua siku 15. Bei haikupungua. Tena nusu aliyoipoteza ndiyo aliyoihitaji. Mchana yuko shambani, mikono imejaa. Usiku ndipo anapokaa chini, mwanawe wa Dar es Salaam anapiga, mjukuu anaomba kuonana kwa video. Mabando ya usiku, yale ya bei nafuu kuliko yote, muda wake ni saa ambazo mtu yuko kitandani kwake. Kwa hiyo bando la mtu mwenye kipato kidogo halimfai mwenye kipato kidogo anayekaa bondeni. Atanunua la mchana, la bei kubwa, akalitumie kwenye kichuguu.

Na mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, nani atakwenda kwenye kichuguu?

Halafu lipo rejesho lenyewe. Rejesho linalipwa kwa simu, kwa mtandao huo huo. Mwezi wa pili mvua ilinyesha siku nzima, hata kwenye kikombe kukawa hakuna kitu. Pesa alikuwa nayo. Usiku ule simu ikajifunga, kwa deni ambalo mlipaji alikuwa amekaa na hela mkononi akikosa pa kuzipitishia. Na simu iliyojifunga haifunguki mpaka ipate mtandao wa kupokea amri ya kufunguka. Ilibidi apande mlima hadi Newala, akalipe kwa wakala, asubiri pale pale hadi iwake. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilizidi rejesho la siku hiyo mara kadhaa. Kwenye rekodi za mkopeshaji yeye ni mteja aliyechelewa kulipa, na anayeisoma rekodi hiyo hawezi kujua kwamba mtandao ndio uliochelewa.

Hapo ndipo naona jibu la yule kijana linapovunjika. Kama shangazi alikopa simu tu, basi simu ingekubali laini yoyote inayoshika kwake, naye angeendelea kulipa deni kama kawaida. Ni kampuni iliyovifunga viwili pamoja. Ilisema: simu hii, na mtandao wetu tu, kwa siku 365. Huwezi kuvifunga pamoja siku ya kuuza, kisha ukavitenganisha siku ya malalamiko. Anayemzuia mteja asitumie mtandao wa mwingine amejitwisha kazi ya kumpa wa kwake.

Tena nchi hii ilishatoa haki ya kuhama. Tangu Machi 1, 2017 mtu anaweza kuhama kampuni na namba yake ikabaki ile ile. Ni haki kubwa kwa watu wa kusini, maana namba ya simu ndiyo iliyoandikwa chama cha msingi cha ushirika, benki na shule ya mtoto. Kutupa laini ni kutupa vyote hivyo. Lakini haki hiyo ina maana gani kwa mwenye simu inayokataa laini ya huko unakohamia? Imebaki kwenye karatasi.

Watu watasema: afanye ufundi. Amefanya. Tulizima 4G tukaibakiza kwenye 2G, maana mtandao mdogo wa masafa ya chini mara nyingi hufika mbali zaidi, na sauti ikakatika kidogo kuliko mwanzo. Hilo namshauri kila mtu alijaribu kwanza, halina gharama. Kuinua simu juu na kuiweka upande wa dirisha kunasaidia, ndiyo siri ya kile kikombe. Lakini vile vifaa vya kukuza mtandao vinavyouzwa kienyeji nisingemshauri mtu: kikiwa hakijaidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kinaweza kuvuruga mnara mzima, majirani wakakosa hata kidogo walichonacho.

Njia ya malalamiko ipo, nayo watu wengi hawaitumii kwa sababu wanaishia kupiga huduma kwa wateja na kukata tamaa. Kwanza unalalamika kwa kampuni yenyewe na unadai namba ya lalamiko. Bila namba hujalalamika. Usiseme "mtandao mbovu". Taja kijiji, saa, tarehe, na piga picha ya kioo cha simu ikiwa ndani ya nyumba na nyingine ikiwa nje. Usiporidhika unapeleka TCRA. Kanuni za kumlinda mlaji na za ubora wa huduma, zote za mwaka 2018, ndizo za kusimamia.

Ninachokitaka mimi ni kidogo, na hakigusi deni. Kabla ya kusaini, mteja apewe siku saba aende na laini ile nyumbani kwake aone kama inashika. Kuijaribu dukani mjini hakupimi chochote. Na kwa aliyekwisha saini, akithibitisha kuwa kwake hakuna mtandao na anaendelea kulipa bila kukosa, simu ifunguliwe ikubali laini nyingine. Kuifunga kwa kutolipa kubaki kama kulivyo. Mkopeshaji hapotezi dhamana yake wala shilingi ya rejesho. Anachopoteza ni mauzo ya bando kwa mtu ambaye hawezi kulitumia, na hayo hakuwa na haki nayo tangu mwanzo.

Jirani wa shangazi, mlango wa pili, ana laini ya kampuni nyingine yenye mnara upande wa bondeni. Simu yake inaita akiwa chumbani. Jana mvua ilinyesha tena. Jioni jirani alikuja, akakaa sebuleni kwa shangazi, akapokea shilingi 1,500 taslimu, na akalipa rejesho kwa simu yake, hapo hapo kwenye kochi, kwa laini ambayo simu ya shangazi haiikubali.