Kucha za Bosi

Jamani, mimi nilinunua mlinzi. Narudia: mlinzi. Nilitoa hela yangu ili usiku abweke, mchana alale, kwisha habari. Hakuna aliyeniambia kwamba Jumamosi asubuhi, watu wazima wenzangu wakiwa kijiweni wanajadili mpira, mimi baba mzima na kitambi changu nitakuwa nimekaa mkekani nimepakata mguu wa mbwa, namtengeneza kucha.

Kwetu Singida mbwa hakatwi kucha. Anatoka na mbuzi alfajiri, anapanda mawe, anashuka mawe, jioni akirudi kucha zimeshajisaga zenyewe, bure. Huyu Bosi wangu amekulia kwenye marumaru. Alianza kulala bandani, Mama Neema akasema mtoto wa mbwa ana baridi. Watoto wakasema anaogopa radi. Nikija kushtuka, mlinzi yuko sebuleni anaangalia tamthilia na familia. Sasa marumaru inasaga nini? Usiku nasikia koridoni ko-ko-ko-ko, nadhani tuna mgeni kavaa visigino.

Bwana mifugo alipokuja kumchoma chanjo ya kichaa ndiye aliyeniharibia wikiendi zangu. Eti ukisikia kucha zinagonga sakafu akitembea, ujue zimezidi. Zikiachwa zinasukuma vidole, mbwa anakanyaga vibaya, mwishowe viungo vinamuuma. Akanionyesha na kile kidole cha pembeni, kilichoning'inia juu kwa ndani kwenye mguu wa mbele. Hicho hakigusi chini kabisa, kwa hiyo ukucha wake unakua, unajikunja, mpaka siku moja unachoma nyama. Nikasema basi daktari, si umkate? Akaangalia saa. "Hiyo kazi ndogo mzee, mnamaliza wenyewe nyumbani."

Mtu akikwambia kazi ndogo, mwambie abaki aifanye.

Maana ndani ya ukucha wa mbwa kuna mshipa wa damu, na una maumivu yake. Mbwa mwenye kucha nyeupe unauona mshipa kwa macho, uwekundu umeishia pale, unakata kabla ya hapo, unaenda kunywa chai. Bosi Mungu kamjalia kucha nyeusi tii. Inabidi umenye kidogo kidogo, kipande kisichozidi punje ya mchele, ugeuze uangalie pale ulipokata, umenye tena. Katikati ya ukucha pakianza kutokea kidoti cheusi chenye unyevu, weka mkasi chini. Na huo mkasi uwe wa mbwa, unauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Kikatia kucha chetu sisi kinaubana ule ukucha wa mviringo mpaka unapasuka.

Haya, mkasi ninao. Nani anamshika? Mtoto wa kwanza kachagua mkia. Wa pili kachagua kushika simu apige video. Mama Neema anaelekeza kutoka mlangoni. Kichwa, yaani upande wenye meno, hakina mwenyewe.

Ndipo akatokea shemeji. Huyu hakuna asichokijua, juzijuzi alikuwa fundi pampu. "Lete hapa bwana, sisi tumezaliwa na mbwa." Nikashika kichwa. Habari za punje ya mchele hakutaka kuzisikia, akaweka mkasi katikati ya ukucha, kach! Bosi alitoa sauti ambayo siku wezi walipokuja hakuitoa. Damu kwenye marumaru, shemeji juu ya meza. Kuna poda maalumu ya kukausha damu ya kucha, lakini nani ana poda? Mama Neema alichota unga wa ngano, tukaugandamiza kwenye ukucha, tukabana kwa kitambaa dakika kadhaa bila kuchungulia, ikakata. Jioni chapati zikatoka pungufu, na shemeji akala mbili.

Tangu siku hiyo Bosi akisikia droo inafunguliwa yuko chini ya kochi. Ikabidi tumbembeleze upya. Ukimgusa mguu, dagaa. Ukimwonyesha mkasi bila kukata, dagaa. Ukikata ukucha mmoja, dagaa, na kazi imeishia hapo kwa leo, mwingine kesho. Akikunja pua na kuunguruma unamwachia, maana akikung'ata ni kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali, hata kama kachanjwa. Kwa hiyo hesabu yenyewe imekaa hivi: mbwa anakula dagaa wa Mwanza kwa kukubali kushikwa mguu, mimi niliyemshika nakula mchicha.

Na usidhani ukikata umemaliza. Ukucha ukiachwa urefuke, mshipa nao unarefuka humo ndani. Ukipunguza kidogo kila baada ya wiki chache, mshipa unarudi nyuma taratibu. Yaani ni kama kodi ya nyumba, ukilipa leo ujue mwenye nyumba anarudi.

Juzi kapita yule kijana wa kupaka rangi kucha, anagonga vichupa vyake. Nikamwita. Akauliza mama wa humu ndani yuko wapi aanze kazi. Nikamwonyesha Bosi.

Kijana akakaa kimya, akapanga upya rangi zake kwenye kikapu. "Mkubwa, huyo bei mara mbili. Ana miguu minne."

Nikamwambia kaa chini tupige hesabu. Mbele vidole vitano kila mguu, nyuma vinne vinne, jumla 18. Mama wa humu ndani ana 20 na unamtoza bei ya kawaida. Huyu unatakiwa unipunguzie.

Akahesabu kwa macho, akiwa mbali. Akakuna kidevu.

"Sawa, nitapunguza. Ila kichwa unashika wewe."