Roboti ziwani, roboti shambani

Mjadala wa roboti hapa Uganda tunauanzia pabaya: kiwandani. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliingia kazini 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, na tangu hapo tukisikia neno roboti tunawaza mkono wa chuma unaochomelea magari. Katika viwanda vya Namanve na Jinja mkono wa binadamu bado ni wa bei nafuu kuliko wa chuma, kwa hiyo tunadhani mambo hayo hayatuhusu.

Yanatuhusu, ila yamepitia ziwani. Mwaka 2021 droni, yaani roboti za angani zisizo na rubani, zilianza kuwapelekea dawa za kufubaza VVU wakazi wa visiwa vya Kalangala, kwa mpango wa Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere na washirika wake. Aliyewahi kupanda mtumbwi Ziwa Victoria siku ya upepo hahitaji kuelezwa faida yake. Boti hula mafuta na husubiri ziwa litulie, na mgonjwa hawezi kuruka dozi kwa sababu ya mawimbi. Majirani zetu Rwanda walitutangulia: tangu 2016 droni zinapeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Nasi Februari 2020, nzige walipovamia Karamoja, tuliwapeleka wanajeshi na mabomba ya dawa mgongoni. Kazi kama ile, yenye sumu na mapori, ningeiachia mashine bila kusita.

Shambani nasita. Mei 2023, huko Kericho nchini Kenya, watu walichoma moto mashine za kuchuma chai. Mashine zile si roboti hasa, lakini hasira ni ileile, na mashamba ya chai ya Kyenjojo na Bushenyi hayana tofauti kubwa na ya Kericho. Mwenye shamba ana hoja: vibarua wa kuchuma hawapatikani siku zote, na bei ya chai haimsubiri mtu. Lakini mashine hiyo haivuki ziwa wala haimwokoi mtu na sumu. Inaokoa mshahara tu, na mshahara huo ndio karo ya mtoto wa mtu.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko ajira, nalo ni fundi. Mapema 2016 mashine pekee ya mionzi ya kutibu saratani Mulago, iliyokuwapo tangu 1995, iliharibika kabisa. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Hiyo ilikuwa Mulago, hospitali kuu ya taifa, mbele ya macho ya serikali na waandishi wa habari. Betri ya droni ikichoka Kalangala, na wafadhili wameshafunga virago, nani atanunua nyingine, na kwa fungu lipi la bajeti ya wilaya? Kabla ya jibu hilo kuandikwa, nisingemruhusu mtu yeyote auze boti ya zahanati.