Kutafuta Kuonwa na Mtu Mashuhuri Mtandaoni: Tija na Hatari Zake

Mwaka 2007 Neal Schon, mpiga gitaa wa bendi ya Journey ya Marekani, alikuwa akitafuta mwimbaji mpya alipokutana na video za YouTube za Arnel Pineda, Mfilipino aliyekuwa akiimba nyimbo za wengine, zikiwemo za Journey yenyewe. Alipotafutwa, Pineda alidhani anafanyiwa utapeli. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ametangazwa kuwa mwimbaji mkuu wa bendi hiyo. Wanaoamini kwamba mitandao ya kijamii inaweza kumfikisha mtu wa kawaida mbele ya mtu mashuhuri anayemvutia wana ushahidi, wala si haki kuwaita waota ndoto.

Hata hivyo, Pineda hakuwa akimwita Schon. Video zile zilipakiwa na rafiki yake, na zilikuwa na thamani hata kama Schon asingeziona kamwe. Kwangu mimi hapo ndipo penye tofauti kubwa: anayeweka wimbo, mchoro au uchambuzi wake hadharani, kisha akamtaja mtu mashuhuri anayemlenga mara moja tu, hubaki na kazi yake hata asipojibiwa, ilhali anayeandika "nijibu tafadhali" chini ya kila posti habaki na chochote.

Hesabu nayo haimpendelei. Mtu mwenye wafuasi milioni 1, ikiwa mmoja tu katika kila 1,000 atamwandikia kwa siku, atapokea ujumbe 1,000. Akiupa kila ujumbe dakika moja, atahitaji zaidi ya saa 16. Kwa hiyo ukimya wake si dharau, ingawa anayesubiri, hasa kijana, huuchukulia hivyo na kuumia kwelikweli. Mwenye wafuasi mia chache ni habari nyingine: huyo husoma kila neno, na mara nyingi maoni ya mtu mmoja ndiyo yanayompa moyo wa kuendelea.

Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl walieleza jinsi mtazamaji wa televisheni anavyoweza kujiona rafiki wa mtangazaji asiyemjua kabisa. Mtandao umeongeza jambo ambalo televisheni ya wakati ule haikuwa nalo kwa kiwango hiki: jibu linaweza kuja kweli, na kwa kuwa huja kwa nadra na bila kutabirika, mtu huendelea kujaribu. Kampuni zimeligeuza tumaini hilo kuwa biashara. Tangu 2017 YouTube ina huduma ya Super Chat, ambamo mtazamaji wa matangazo ya mubashara hulipa ili maoni yake yang'ae kwa rangi, na kiasi kikubwa zaidi huyabakiza juu kwa muda mrefu zaidi. Sioni ubaya kumlipa mtu ambaye kazi yake inakufaa. Ubaya huanza pale mlipaji anapohesabu kutajwa kwake jina kuwa ni urafiki, kisha akarudi kulipa tena ili urafiki huo usikatike.

Matapeli wanaijua hali hii vizuri. Shabiki huandika maoni ya kusifu, na dakika chache baadaye akaunti yenye picha na jina lilelile la nyota wake, pengine herufi moja tu ikiwa imebadilishwa, humshukuru na kumtaka wahamie kwenye mazungumzo ya faragha. Mwanzoni mwa 2025 ziliandikwa sana habari za mwanamke wa Ufaransa aliyepoteza takriban euro 830,000 kwa watu waliojifanya mwigizaji Brad Pitt. Wengi walimcheka, jambo lililonisikitisha, kwani aliyedanganywa alikuwa anatafuta kile ambacho mamilioni wanakitafuta kila siku.

Ndiyo maana siwezi kuwabebesha mashabiki peke yao mzigo wa tahadhari. Mtu mashuhuri anayetangaza kwamba husoma kila ujumbe, huku akijua kwamba wasaidizi wake ndio wanaojibu, huwaachia matapeli mlango wazi. Angeandika kwenye wasifu wake ni nani anayejibu, kupitia akaunti ipi, na kwamba hatamwomba shabiki fedha kwa faragha, angewakinga wengi kwa mistari miwili tu.