Mfupa umeunga, lakini klachi haijui

Foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, ndiyo kipimo halisi cha goti la kushoto. Dereva wa semitrela hukanyaga klachi, huachia, hukanyaga tena, hatua kwa hatua kuanzia getini bandarini hadi aipite Kimara. Yupo mmoja ninayemfahamu aliyevunjika paja kwenye ajali, akawekewa chuma, mfupa ukaunga vizuri. Daktari aliridhika. Sasa amerudi njia ya Tunduma, mpakani na Zambia, zaidi ya kilomita 900, na akifika Mlandizi tu inabidi aegeshe, ashuke, anyooshe mguu. Tajiri wake hajui, naye hana mpango wa kumwambia.

Je, anafanya kosa? Wenye malori watajibu haraka: ndiyo. Wana hoja, tena si ndogo. Gari lina mkopo benki, mzigo ni wa mtu mwingine, na barabara ina mabasi yaliyojaa abiria. Mtu ambaye mguu wake unaweza kukataa kwenye mteremko wa Kitonga hapaswi kupewa tani 30 nyuma yake. Isitoshe, mwenye lori atakwambia kwamba anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2008, kwa hiyo aliyeumia akadai huko. Mwenye malori matatu hana ofisi ya kumpangia dereva kazi ya mezani. Ana malori matatu, basi.

Upande wa dereva, tatizo linaanza na majeraha yenyewe, ambayo yana tabia ya kuonekana yamepona. Magari yanapogongana uso kwa uso, magoti hupiga dashibodi. Gegedu, ule utando laini wa kwenye ncha za mifupa, ulioumia siku hiyo huendelea kusagika taratibu, na maumivu makali yanaweza kuja miaka baadaye, wakati faili la hospitali lilishafungwa. Mgongo nao ukishaumia, mtikisiko wa kiti cha lori kila siku huuchokonoa. Kichwa ndicho kinachonitisha zaidi. Mtu anaweza kutoka na fuvu zima, kisha akaanza kusahau, kukosa usingizi, kufoka bila sababu. Mkewe ndiye anayegundua kwanza. Wachache hupata kifafa miezi au hata miaka baada ya ajali. Na kuna hofu ambayo madereva hawaisemi mbele ya wenzao: taa kali za gari linalokuja usiku, mikono inaanza kutetemeka. Utingo huona, akanyamaza.

Kwenye karatasi, sheria si mbaya. Kwa kawaida mfuko haumwulizi aliyeumia kama kosa lilikuwa lake, mradi hakufanya utovu wa makusudi, na hilo ni afadhali kuliko bima ndogo ya gari, inayomlinda mtu wa nje na si aliyeshika usukani. Akiwa hawezi kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukivuka asilimia 30, analipwa pensheni kila mwezi.

Ila hiyo asilimia 70 ni ya kipato kipi? Hapo ndipo ninapoachana na wenye malori. Dereva wa njia ndefu anaishi kwa posho ya safari. Tuseme orodha ya mishahara inasema shilingi 400,000. Fidia itakuwa 280,000, wakati nyumbani Mbagala walizoea mshahara pamoja na kile kilichobaki kwenye posho za safari mbili. Mwenye mkataba wa mdomo hana hata hiyo orodha. Madereva walipogoma Aprili 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Ukimlipa mtu kwa kusafiri, umemlipa pia kwa kuficha maumivu. Anameza vidonge vya kutuliza, vingine vinavyoleta usingizi, halafu tunashangaa ajali ya pili.

Kwa hiyo siwezi kusema dereva yule yuko sahihi. Hayuko. Lakini anayemlaumu peke yake hajawahi kupiga hesabu ya nauli, kodi na ada kwa mshahara wa karatasi.

Baadhi ya matajiri hujaribu njia ya kati: aliyeumia apewe kazi nyepesi, kuvuta makontena kutoka bandarini hadi bandari kavu, arudi kwake kila jioni. Nilimuuliza yule jamaa kama angeikubali. Akacheka. "Kaka, Mandela asubuhi? Bora Tunduma. Nikishapita Chalinze mguu unapumzika."