Alianguka kwa Furaha

Masika yakiingia na wageni kuadimika, hoteli za Nungwi hufanya mambo mawili: hupaka kuta rangi na hufundisha wafanyakazi. Mwaka ule rangi haikununuliwa. Akaletwa Madamu kutoka Nairobi, na flipchati yake.

Jambo la kwanza alilolipiga marufuku ni "no problem". Alisema mgeni akisikia neno problem, anaanza kuitafuta. "Hakuna matata" nayo ikafukuzwa, maana ni problem ile ile imevaa kanga. Badala yake akatuandikia vielezi vya uchangamfu: gladly, willingly, readily, cheerfully, happily. Mgeni akisema neno, mjibu kwa kimojawapo. Ukiandika ujumbe wowote, visikosekane. Atakayesahau, mia tano kwenye kopo la faini pale mapokezi.

Vinatumikaje, hatukuambiwa. Sisi tuliokulia kwenye "naam" na "hewala" tuliona jambo jepesi: hewala imepata visa ya Uingereza, basi. Mimi nikachagua gladly, kwa kuwa ni fupi na haimpi ulimi kazi.

Msimu ukafunguka, na mwanzoni mambo yalininyookea. Naomba chai nyingine. Gladly! Unaweza kuniletea taulo? Gladly! Na hapo ndipo mahali pake hasa: mtu ameomba, wewe unakwenda kumfanyia, na gladly inamhakikishia kwamba hukununa. Taabu ni kwamba wageni hawaombi tu. Wageni pia huzungumza.

Akaja mzee mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, pamoja na mkewe. Asubuhi nikamsogelea mezani, akaniambia mkewe hakulala, tumbo limemsumbua usiku kucha.

"Gladly, sir!"

Akanitazama juu ya miwani. "Nadhani ni wale pweza wenu."

"Gladly!"

Mzee akaweka uma chini polepole. Kisha akasema "Would you mind", akitaka kujua kama nitaudhika akihamia meza ya kivulini. Hilo, jamani, ni swali la mtego. Linauliza kuudhika, haliulizi kuhama. Ukilijibu gladly, umesema utaudhika, tena kwa furaha zote. Nikalijibu hivyo hivyo. Mia tano ni mia tano.

Adhuhuri mkewe akapata nafuu, akateremka, bibi mwenye macho ya kupima watu. Mzee akaninong'oneza nijihadhari: "My wife does not suffer fools gladly." Sikuelewa sentensi, lakini neno langu nililisikia mle ndani, mwishoni kabisa, limekaa vizuri. Nikamrudishia: "Gladly!"

Ni mwenzangu wa jikoni, Mchaga mwenye Biblia ya Kiingereza, aliyenifumbulia. Wakorintho wa Pili, 11:19, tafsiri ya 1611: Paulo anawakejeli watu wanaojiona wana akili kwamba huwavumilia wapumbavu kwa furaha. Waingereza wakaichukua kejeli ile, wakaitia kikanushi, ikawa sifa ya mtu asiye na subira na wajinga. Na mjinga wa siku ile alikuwa amesimama mbele ya bibi na trei mkononi, anatabasamu.

Kesho yake jioni mzee aliteleza ukingoni mwa bwawa la kuogelea, akaingia na nguo zake, na kitabu, na glasi ya juisi ya ukwaju. Miwani ikavunjika, kifundo cha mguu kikavimba, mtunza bustani akamtoa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeona, meneja akaniagiza niandike taarifa ya ajali kwa Kiingereza, ipelekwe kwenye bima ya mzee huko kwao. Madamu akasimama nyuma ya kiti changu.

"Vielezi," akasema.

Nikaviweka vyote. Kwa mujibu wa taarifa ile, mgeni "fell happily into the pool", mimi "willingly watched", mtunza bustani "cheerfully removed him", na mgeni akapelekwa hospitali ya mjini "readily". Madamu akaisoma, akatia sahihi.

Bima wakajibu upesi, jambo ambalo si kawaida yao. Walitaka kujua kama mteja wao aliingia majini kwa kupenda, maana wao hulipa ajali, hawalipi starehe. Na huyu mfanyakazi aliyetazama willingly, ana ugomvi gani na mteja? Kumbe willingly si neno la mezani. Ni neno la polisi na mahakama: alikwenda mwenyewe, hakuburutwa. Mtu akikuletea chai willingly, unabaki kujiuliza ni nani aliyedhani atagoma.

Mzee akaomba aione taarifa. Alikuwa barazani, mguu juu ya mto. Mstari wa kwanza aliusoma kimya. Wa pili, mabega yakaanza kutikisika. Alipofika kwenye cheerfully akaushika mguu kwa maumivu, na kicheko hakikumwachia.

Halafu ualimu ukampanda. Akachomoa kalamu, akaling'oa happily lilipokuwa, akaliweka mwanzo wa sentensi mpya na mkato mbele yake: "Happily, he was not badly hurt." Likikaa pale, akasema, halisimulii moyo wa mtu, linashukuru bahati. Ndiyo maana yake ya kale, kwani limezaliwa na hap, neno la bahati ambalo Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia. Perhaps imetoka humo humo. Mishap, yaani ajali ndogo ya mtu na juisi yake, nayo ni ndugu yao. "Happily, he did not die": alhamdulillahi, mzee mzima. "He did not die happily": wekeni matanga, na marehemu aliondoka na kinyongo. Maneno ni yale yale, limehama moja.

Nikamuuliza readily ina kosa gani.

"Hospitali ni mwendo gani kutoka hapa?"

"Saa nzima na ushee."

"Readily ni mara moja, bila kukawia. Basi hiyo si readily," akasema, akaikata.

Mkewe, yule asiyevumilia wajinga, akainyakua karatasi, akaisoma mpaka chini, akadai nakala ya kwenda nayo nyumbani. Ile ya asili, bila masahihisho.

Barua ya pili ikaenda bila uchangamfu wa aina yoyote, na bima wakalipa miwani. Meneja akaitisha kikao, akatangaza kwamba furaha imesimamishwa mpaka tutakapoarifiwa tena. Madamu hakutikisika. Alifungua ukurasa mpya wa flipchati, akaandika vielezi vya masikitiko, kopo la faini likiwa pale pale.

Jioni ile mgeni mmoja Mjerumani alimuuliza bawabu choo kiko wapi. Bawabu akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Regrettably, sir, on the left."