Nani Aliulizwa Kabla ya Ramani Kuchorwa?

Kila mara mradi wa mitambo ya upepo baharini unapopingwa na watu wa pwani husika, hukumu hutolewa upesi: hao ni wabinafsi, wanautaka umeme safi ilimradi mitambo yenyewe isimamishwe mbele ya nyumba za wengine. Mimi naiunga mkono nishati ya upepo, na kwa miaka kadhaa niliipokea hukumu hiyo bila kuipekua. Kilichonigeuza ni kisa cha Cape Wind, mradi wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani uliobishaniwa kwa miaka 16 na kufa bila kusimamisha hata mtambo mmoja.

Mwaka 2001 mfanyabiashara Jim Gordon alitangaza kwamba kampuni yake ingejenga juu ya fungu la Horseshoe Shoal, katika maji yaliyo kati ya rasi ya Cape Cod na visiwa vya Nantucket na Martha's Vineyard. Mpango uliishia kuwa wa mitambo 130, ile ya karibu zaidi ikiwa kama kilomita 8 kutoka nchi kavu. Kwa jicho la mhandisi, mahali palichaguliwa vizuri: kwenye fungu maji ni machache, upepo hauadimiki, na visiwa hukinga mawimbi makubwa. Tatizo ni kwamba aliyechagua ni kampuni yenyewe. Wakati huo Marekani haikuwa na sheria ya kukodisha sakafu ya bahari kwa ajili ya umeme wa upepo; sheria hiyo ilipatikana mwaka 2005, mwombaji akiwa amekwisha kuanza kutafuta vibali kwa Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi. Wakazi, kwa hiyo, waliletewa ramani iliyokwisha kutiwa alama, wakaambiwa watoe maoni.

Waliotoa maoni kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa matajiri. Bill Koch, ambaye biashara yake ilihusu makaa ya mawe na mabaki ya mafuta, alikuwa miongoni mwa wafadhili wakuu wa umoja wa wapinzani. Seneta Edward Kennedy, ambaye nyumba ya familia yake pale Hyannis Port inatazamana na maji hayo, aliupinga mradi hadi alipofariki mwaka 2009. Na Robert F. Kennedy Jr., mtoto wa kaka yake, ambaye siku hizo alijulikana kama wakili wa mazingira, aliandika dhidi yake katika New York Times mnamo Desemba 2005. Ni vigumu kumhurumia mtu anayelalamikia mandhari akiwa ameketi kwenye baraza ya jumba lake. (Namtoa katika lawama hii mtangazaji Walter Cronkite, aliyejitokeza kwenye matangazo ya wapinzani, kisha akatafakari na kujiondoa. Watu maarufu hawana kawaida ya kukiri hadharani kwamba walikurupuka.)

Hata hivyo, utajiri wa watu hao uliwafaa waungaji mkono wa mradi pia, maana ulitosha kuwafanya wapinzani wote waonekane watu wa aina moja. Nyuma yao walikuwepo Wawampanoag wa Mashpee na wa Aquinnah, wenyeji wa asili wa pwani ile, ambao hujiita Watu wa Mwanga wa Kwanza. Hoja yao haikuwa ya mandhari hata kidogo. Walisema kwamba ibada zao huhitaji upeo wa mashariki usiozibwa na kitu jua linapochomoza, na kwamba sakafu ile ya bahari ilikuwa nchi kavu zamani, kabla maji hayajapanda, hivyo huenda wazee wao wamezikwa humo. Haya hayakuwa maneno ya kupuuzwa: Januari 2010 ofisi ya serikali kuu inayosimamia orodha ya maeneo ya kihistoria iliamua kwamba eneo zima la Nantucket Sound, yaani maji hayo yaliyo kati ya Cape Cod na visiwa, linastahili kuingizwa kwenye orodha hiyo kwa sababu ya thamani yake kwao. Mnamo Aprili mwaka huohuo Ken Salazar, Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye kule wizara yake ndiyo yenye dhamana ya ardhi na maliasili, aliuidhinisha mradi. Nayasoma matukio hayo mawili yaliyofuatana na sioni namna ya kuyapatanisha, isipokuwa kwa kukubali kwamba hadi hapo mahali palikuwa pamekwisha kuamuliwa kwa miaka tisa.

Wavuvi nao wana shauri lao, na hilo halihusu Massachusetts peke yake. Huko Saint-Brieuc, Ufaransa, ambako mitambo 62 ilijengwa katika ghuba inayosifika kwa kombe wa Saint-Jacques, aina ya samakigamba, wavuvi waliandamana kwa mashua zao mwaka 2021. Msomaji wa pwani ya Kenya hahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwa kuwa bandari ya Lamu, ingawa si mradi wa upepo, iliwafikisha wavuvi Mahakama Kuu ya Malindi, ambayo mwaka 2018 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Mvuvi anapopinga, anapinga akiwa na hesabu mkononi: ni wapi hatatupa wavu tena, na atazunguka umbali gani zaidi kwa mafuta yaleyale. Hasara ya namna hiyo hupimika, nayo hulipika, endapo mwenye mradi atakwenda kumwuliza mapema.

Cape Wind wenyewe haukuuawa na hoja yoyote kati ya hizi, bali na muda. Kesi zilifunguliwa moja baada ya nyingine, nyingi wapinzani wakishindwa, lakini kila moja ilikula miezi. Bei nayo, kwa kuwa ilikuwa juu, haikusaidia: shirika la National Grid lilikubali kununua umeme huo kwa senti 18.7 za dola kwa uniti, bei ikipanda asilimia 3.5 kila mwaka. Mwisho wa 2014 ulipofika fedha za ujenzi zikiwa hazijakamilika, wanunuzi walivunja mikataba Januari 2015, na mwishoni mwa 2017 kampuni ikairudisha haki yake ya kukodi.

Mradi uliofuata katika bahari hizo, Vineyard Wind wa mitambo 62, ulianza vingine. Serikali ndiyo iliyotenga eneo baada ya vikao na wakazi na wavuvi, mbali zaidi, kama kilomita 24 kusini mwa Martha's Vineyard, na fedha za fidia kwa wavuvi zilikubaliwa kabla ya ujenzi. Hata hivyo baadhi yao walikwenda mahakamani, nami siwalaumu. Kisha Julai 2024 bawa moja la mtambo, lenye urefu wa zaidi ya mita 100, likavunjika, na vipande vya faibaglasi na povu gumu vikasukumwa na maji hadi fukwe za Nantucket, zikafungwa katikati ya msimu wa watalii. Mwaka mmoja baadaye mtengenezaji, GE Vernova, alikubali kulipa dola milioni 10.5, ili wenye maduka na hoteli waliopata hasara wapeleke madai yao.