Mapenzi ya bwenini yanaposomwa kwa sauti

Likizo ya Desemba, binti wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, alinipa upande mmoja wa hedifoni tusikilize pamoja kitabu cha sauti cha Kiingereza. Ni hadithi ya mapenzi ya wanafunzi wa shule ya bweni. Tukafika mahali kijana amesimama chini ya dirisha la bweni, taa zimeshazimwa, anamwambia msichana: kama kweli unanipenda, utashuka. Msomaji aliilegeza sauti mpaka ikawa mnong'ono. Binti akatabasamu. Nami nilikaribia kutabasamu, ndipo nikashtuka, maana maneno yale ni ya kumbana mtu.

Tangu hapo nikisikia watu wakibishana kama vijana waruhusiwe hadithi hizi au wakatazwe, naona sauti inasahauliwa.

Wanaozipinga siwabezi. Mapenzi ya shuleni kwetu Tanzania yana gharama ambayo vitabu vya Marekani na Uingereza havina. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule ya serikali na hakuruhusiwa kurudi katika masomo ya kawaida. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Katika hadithi zile, mara nyingi anayekamatwa nje ya bweni usiku hupewa adhabu ndogo na penzi likaendelea. Msikilizaji wetu akirudi shuleni Januari anamkuta matroni, viranja, na barua ya kumwita mzazi.

Lakini kukataza nako kunaacha pengo. Msichana anaingia bwenini na miaka 13 au 14, yuko mbali na shangazi, mbali na somo ambaye zamani angemfunda. Moyo wake hausubiri likizo. Nani atamwambia wivu unafananaje, au kwamba mtu anaweza kukupenda na bado akakuumiza? Hadithi nzuri humwambia, tena bila kumuaibisha.

Marekani wamevutana sana kuhusu jambo hili. Riwaya ya John Green, Looking for Alaska, iliyotoka 2005 na inayosimulia shule ya bweni ya Alabama, ilipata tuzo ya Printz, ya vitabu vya vijana, mwaka 2006. Hata hivyo, katika orodha ya chama cha wakutubi cha nchi hiyo ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2015, ndiyo iliyoongoza. Ubishi mwingi ulihusu tukio moja la kimwili. Mwandishi amejitetea kwamba tukio hilo limewekwa makusudi likiwa baridi, ili linalofuata, la busu tu, lionyeshe ukaribu wa kweli. Hapa naona faida ya kusikiliza: mwenye kitabu mkononi hufunua ukurasa anaoutafuta akaishia hapo, mwenye kusikiliza huchukuliwa mpaka tukio la pili.

Na sauti ina nguvu, hilo tumeliona wenyewe. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori Mkwaju na starehe zake za barabarani. Eneo la Dodoma lilirushiwa kipindi kingine hadi 1995, hivyo watafiti wakaweza kulinganisha, na wakaona kwamba uzazi wa mpango uliongezeka zaidi mchezo uliposikika. Lakini redio ile ilikaa sebuleni. Mkwaju akikosea, mama aliguna, baba alikohoa, na mtoto alijua cha kufikiri. Hedifoni imeiondoa miguno ile. Binti yuko kitandani peke yake, na anayemwonyesha lipi tamu na lipi baya ni msomaji.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa kuruhusu, lakini simpimi mwandishi peke yake. Nampima pia msomaji anayekisoma kitabu kwa sauti. Msichana anaposema "sijui, labda kesho", je, kusita kwake kunasikika, au kunapitiwa haraka ili penzi liendelee? Kwenye karatasi kijana wa kiume anaweza kuruka maneno hayo matatu. Msomaji akinyamaza kidogo baada yake, kijana hawezi kuyaruka. Hicho ndicho kitu ambacho kitabu cha sauti kinaweza kumfundisha, na karatasi ikashindwa.

Siku ile nilimwomba binti arudishe nyuma kidogo. Tukasikiliza tena, kisha nikayasema maneno yale kwa sauti yangu ya kawaida, bila mnong'ono: kama kweli unanipenda, utashuka.

Akaitoa hedifoni sikioni. "Shangazi, mbona kama anamtishia?"

Nikamwambia ndivyo ninavyosikia mimi pia. Akafikiri kidogo, halafu akauliza, "Sasa yule msomaji kwa nini kayasoma vile?"